Wanafunzi wa chuo wanakunywa kupindukia: ni ulevi au ni aibu?

Wadau, mwanafunzi akizimika kwa pombe hukumu huwa ileile: kakosa malezi, kapata uhuru ghafla. Mimi sikubali, na nipingeni.

Mtazame wa mwaka wa kwanza kwenye sherehe asiyojua mtu. Glasi inampa cha kushika, inampa na pa kujificha. Ikifika nusu, mtu anaijaza. Wenzake wanacheka, naye anaamini wamenoga kweli. Hajui kwamba yule anayecheka kuliko wote anatamani kwenda kulala.

Hayo sijayaota. Mwaka 1993 wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha utafiti wa wanafunzi wa Princeton, Marekani. Wanafunzi hawakuridhishwa sana na unywaji wa pale chuoni, ila kila mmoja alidhani wenzake hawana shida nao. Muhula ulivyosonga, wavulana wakasogeza msimamo wao kuelekea huo waliodhani ni wa wenzao. Yaani walimfuata mtu ambaye hayupo!

Na kupindukia kwenyewe si pipa. Kipimo kinachotumika Marekani ni vinywaji 5 kwa mwanamume, 4 kwa mwanamke, ndani ya saa mbili hivi. Kufika hapo huhitaji kuwa mlevi. Inatosha kuona haya kusema "mimi basi."

Mtaniambia wengine wanakunywa kuzima mawazo. Ni kweli, ila hao msiwachanganye na hawa. Anayekunywa ili mtihani au mpenzi aliyemwacha vimtoke kichwani, hata meza nzima ikiondoka atabaki na chupa yake. Huyo anahitaji mshauri nasaha, tena mapema.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Vyuo kadhaa vya Marekani vilibandika mabango kuwaonyesha wanafunzi kwamba wenzao wanakunywa kidogo kuliko wanavyodhani. Mwaka 2003 Henry Wechsler wa Harvard na wenzake wakalinganisha vyuo vyenye kampeni hizo na visivyokuwa nazo. Hawakuona unywaji umepungua. Basi watu wanasema nadharia hii, kwamba mtu hunywa kwa kudhani wenzake wanapenda, imekufa. Mimi naona kilichoshindwa ni bango. Karatasi ya ukutani itashindana vipi na mkono wa rafiki unaokujazia glasi saa tano usiku?

Kwa hiyo nawauliza mliowahi kukaa meza hizo: yupo aliyefunika glasi yake kwa kiganja akasema imetosha? Wengine walimcheka, au nao walishusha za kwao?