Kunyonya mafuta tumboni: nijue nini kabla ya kulipa?

Mama Nasra, Dar es Salaam
Habari zenu. Nina umri wa miaka 41, uzito wangu ni kilo 94, na sukari imeanza kupanda. Kliniki moja imeniahidi kuninyonya lita saba za mafuta tumboni na kiunoni, kisha nirudi nyumbani jioni ileile. Je, upasuaji huu utanipunguzia uzito na sukari?

Muuguzi Tabora
Mama Nasra, upasuaji huu hurekebisha umbo. Si tiba ya unene wala ya kisukari. Bomba la kunyonyea hufika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, ilhali yale yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari, hubaki palepale. Mwaka 2004 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene walioondolewa takriban kilo tisa hadi kumi za mafuta, na wiki kadhaa baadaye sukari na shinikizo lao la damu havikuwa vimebadilika kwa kiasi cha maana.

Daktari wa Usingizi, Mombasa
Mimi kilichonishtua ni hizo lita saba. Zikizidi tano huhesabiwa kuwa nyingi, na mgonjwa hupaswa kulala hospitalini akipimwa presha, mapigo ya moyo na mkojo. Kabla ya kunyonya, hudungwa chini ya ngozi maji mengi ya chumvi yenye lidokeini ya kutia ganzi na adrenalini ya kubana mishipa, na dawa hiyo ya ganzi huendelea kuingia kwenye damu polepole, hata kwa aliyepasuliwa mchana kiwango chake huweza kufikia kilele usiku wa manane, wakati hao wa kliniki wameshafunga milango. Waulize ni nani atakayekupa nusukaputi na kukaa nawe mpaka uzinduke, na utapelekwa wapi bonge la damu au mafuta yakikwama kwenye mapafu. Jina la mpasuaji liulizie Baraza la Madaktari Tanganyika. Nawe usifiche kitu: sigara, vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini, hata dawa za miti shamba.

Wairimu, Nairobi
Mimi nilifanyiwa mapaja, nikiwa na uzito wa kawaida, na nimeridhika. Hata hivyo tandika mpira kitandani, kwa maana maji mekundu hutoka kwenye vitundu vilivyopitishiwa bomba siku za mwanzo, na nguo ya kubana huvaliwa wiki kadhaa, hata kukiwa na joto. Uvimbe huchukua miezi kuisha, na ngozi iliyolegea kwa uzazi haikazwi na bomba. Ukinenepa tena, chembe za mafuta zilizobaki hutanuka.

Mama Nasra, Dar es Salaam
Nawashukuru nyote. Nimewapigia simu wale wa kliniki kuuliza habari ya nusukaputi, nikajibiwa kwamba mtaalamu huitwa ikihitajika. Malipo nimeyasitisha, na Jumatatu naanzia kliniki ya kisukari.