Je, matambiko yakomeshwe kwenye michoro ya Kolo?

Mwanzisha mada: Waungwana, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Katika pango la Mungomi wa Kolo, wilayani Kondoa, waganga na waomba mvua bado humwaga pombe mwambani, na nyingine huirukia michoro ambayo jua na vumbi vimekwisha kuifubaza. Ikiwa Kondoa ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, kwa nini tuwaachie washirikina wachache waifute mali ya taifa zima?

Mpitanjia: Neno "washirikina" ungeliacha nyumbani, ndugu yangu. Babu zangu walitambika pale kabla mwanaakiolojia Mary Leakey hajaja kuinakili michoro hiyo mwaka 1951, na UNESCO ilipoiorodhesha Kondoa iliyataja matambiko hayo miongoni mwa sababu zake. Mnakishangilia cheti, kisha mnamfukuza aliyewasaidia kukipata!

Jiwe Kongwe: Tuwe wakweli kuhusu hao babu. Picha nyekundu za pofu, twiga na watu wembamba huhusishwa na wawindaji, ambao wengi huwaona kuwa mababu wa Wasandawe, ilhali michoro minene myeupe ndiyo inayohusishwa na wakulima, nayo mara nyingi imepakwa juu ya ile nyekundu. Kwa hiyo kufunika kazi ya wenzenu hamkuanza na pombe.

Mpitanjia: Sikusema tulichora, nilisema tunatambika. Anayeswali haulizwi kama ndiye aliyefyatua matofali ya msikiti.

Jiwe Kongwe: Wala hamwagi uji ukutani. Michoro ina miaka elfu arobaini, tambiko lenu ni la juzi.

Mfukuaji: Hiyo elfu arobaini, mzee wangu, ni ya shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilizofukuliwa Kisese II, pango jingine la huku Kondoa, na umri wa shanga si umri wa ukuta. Hata kipande cha udongo mwekundu kikipatikana katika tabaka lenye umri unaojulikana, kinathibitisha tu kwamba rangi ilikuwapo, hakituambii ni picha ipi iliyochorwa nayo. Tabaka hizo ndizo ushahidi wetu wa pekee, nazo zimevurugwa na watu wanaochimba mashimo chini ya miamba wakitafuta dhahabu inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Mbona hao hakuna aliyewataja?

Mwanzisha mada: Nami niliuliza kuhusu pombe.

Mpitanjia: Uliuliza kuhusu washirikina.