Muscat hadi Salalah kwa gari la kukodi: jangwani, pwani, au turuke tu?

Kidau
Wakuu, salaam. Mwishoni mwa Agosti naenda Oman na mke wangu na mama mkwe. Siku saba. Tumekusudia kuteremka Salalah tukaone kharifu, yale manyunyu yanayoyafanya majabali ya Dhofar kuwa kijani kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba. Njia naona tatu: ya ndani kupitia Nizwa na Haima, kama kilomita 1,000, ya pwani kupitia Sur na Duqm, ndefu zaidi, au ndege mpaka Salalah halafu tukodi gari hukohuko. Sijawahi kuendesha upande wa kulia. Nipeni ukweli.

Mpemba wa Seeb
Karibu ndugu yangu. Hiyo ya Haima nimeipita mpaka nimeacha kuhesabu. Ukishavuka mji wa Adam ni changarawe kushoto, changarawe kulia, na barabara imenyooka kama rula. Adui wako pale ni usingizi, kisha ngamia. Yule ana miguu mirefu: ukimgonga, mwili wote unakuja kiooni. Kwa hiyo usiku usiendeshe. Jaza mafuta kila ukiona sheli hata kama tenki lina nusu. Bei haitakuumiza, lita haifiki robo rial. Na tochi ziko tele. Bango likisema 120 ni 120, faini inapitia kwa mwenye gari na wewe utadaiwa hata ukiwa umesharudi nyumbani.
Kwa kuona mandhari? Hakuna. Ni njia ya mtu mwenye haraka.

Bi Kanga
Kaka Kidau, usimnyime mama pwani. Sisi tulilala Sur siku ya kwanza, njiani tukasimama Bimmah kwenye lile shimo la maji ya kijani. Sur kuna karakana za majahazi, na jahazi lenyewe Fatah al-Khair limewekwa wazi watu walitazame. Usiku mkaone kasa wakitaga Ras al Jinz. Agosti wanapanda kwa wingi, ila weka nafasi mapema.
Baada ya hapo mchanga wa Wahiba unashuka mpaka baharini, na msimu huo upepo unaupeperusha barabarani. Punguza mwendo. Lakini Duqm hutaamini, Muscat inawaka moto na kule unatafuta mtandio! Halafu kipande cha Shuwaymiyah hadi Hasik: barabara imepasuliwa juu ya majabali, bahari iko chini kabisa. Mume wangu anayejifanya haogopi kitu alinyamaza kimya.

Fundi wa Chumbageni
Mnasifia mandhari, mkataba hamjausoma. Mimi nilipewa kilomita 200 kwa siku. Piga hesabu ya Kidau: siku 7 ni kilomita 1,400. Pwani kwenda 1,100 na ushee, kuzunguka Salalah 300, kurudi 1,000. Umezidisha kilomita elfu moja, na kila moja inalipiwa. Tafuta mkataba usio na kikomo, au gari uliache Salalah urudi kwa ndege. Uliza ada ya kuliacha kabla ya kusaini.
Jingine: amana wanaizuia kwenye kadi ya mkopo, wengi hawataki pesa taslimu. Na piga video gari lote, mpaka rimu na chini ya bampa. Kampuni moja (siitaji) ilinikata amana kwa mkwaruzo niliokuta nao. Sikuwa na picha, nikabaki nabishana na ukuta.

Dereva Mstaafu
Kuhusu kulia: siku ya kwanza kila ukitaka kukata kona utawasha waipa badala ya indiketa. Utapangusa kioo jangwani, watu watakucheka, utazoea. Pa kuogopa ni kipilefti, ambacho kule inabidi tukiite kipiraiti. Unazunguka kinyume na ulivyozoea, na anayetokea kushoto kwako ndiye mwenye njia. Kaa siku moja Seeb uzunguke mitaani kwanza. Kibali cha kimataifa cha udereva kitoe kabla ya safari.
Binafsi, ukiwa na mzee garini ningeruka tu.

Mpemba wa Seeb
Dereva, hata akiruka ukungu utamkuta. Wakati wa kharifu, milima juu ya Salalah unaweza kushindwa kuiona boneti yako. Na ile njia ya ndani inateremka hapohapo, kutoka Thumrait, wakati dereva ameshachoka. Ndiyo maana namuunga mkono Bi Kanga: kutoka Hasik unaingia kwa Mirbat, kandokando ya bahari, tambarare.

Kidau
Asanteni sana. Nilimsomea mama mkwe uzi mzima. Nilipofika kwenye jahazi la Sur akanikatiza: baba yake alikuwa baharia, na Sur alikuwa akiitaja kila pepo zikigeuka. Basi, mjadala umefungwa na mwenye nyumba.
Pwani kwa siku tatu, gari linabaki Salalah, tunarudi kwa ndege. Fundi, video nitapiga. Bi Kanga, pale Duqm mlilala wapi, na chakula je? Mama hali pilipili kabisa.