RTX 3050 6GB ama RX 6600 kwa Dell ya ofisi? (niko Malindi)

mtoto_wa_shella
Salam wadau. Nina Dell OptiPlex 7040 ile tower, ex-UK, i5-6500 na RAM 16GB, nataka niitie kadi ya grafiksi. Gemu zangu ni GTA V, FC 24 na nikijaliwa Cyberpunk 2077, skrini 1080p. Kuna jamaa wa duka ana kadi mbili zilizotumika, RTX 3050 ya 6GB (Nvidia) na RX 6600 (AMD), bei hazijapishana sana. Nimekesha YouTube na kila video RX 6600 inaiacha 3050 mbali, alafu jamaa ndio kwanza ananisukumia 3050 ati ndio mpya. Ananichezea ama kuna kitu sikioni?

fundi_barani
Kwa mwendo peke yake video hazidanganyi. Lakini fungua kesi kwanza usome kibandiko cha pawa saplai. Kama ni ile iliyokuja nayo itakuwa wati 240 na haina waya wa kulisha kadi. RX 6600 inakula wati 132 na inataka waya wa pini 8, 3050 6GB inakula 70 tu na kawaida yake inajilisha kwenye sloti yenyewe, unachomeka unawasha basi. Labda ndio maana jamaa anakusukumia hio, ama labda imemlalia dukani, mimi sijui.

Ila jua 3050 ziko mbili. Ya 2022 ina 8GB na CUDA (kori ndogo za kuchora picha) 2560, hii ya 6GB ni ya 2024, CUDA 2304 na njia ya memori imepunguzwa kutoka biti 128 hadi 96. Jina lile lile! Na hata ile ya 8GB, RX 6600 inaipita kama asilimia 30 hivi kwenye 1080p, kwa hivo yako iko nyuma zaidi ya unavoona kwenye video nyingi.

langoni_gamer
Mimi niko Lamu na nasema chukua RX 6600, pawa saplai si kitu cha kumnyima mtu usingizi. Tafuta ya wati 450 ya kampuni inayojulikana, usinunue zile nyepesi kama karatasi, na waya wa kubadilishia kwa sababu soketi ya Dell kwenye ubao si ya kawaida. Memori 8GB utaishukuru ukiweka tekscha za juu, na kwa gemu za DX12 (DirectX 12, njia gemu inayotumia kuzungumza na kadi) draiva ya AMD haiichoshi prosesa ya zamani vile ya Nvidia inavoichosha. Najua mtu atakuja na DLSS hapa (ujanja wa Nvidia wa kukuza picha ndogo ili gemu iende mbio, FSR ni ule wa AMD), ni kweli DLSS picha yake ni safi kuliko FSR hasa kwenye 1080p, lakini siwezi kuacha theluthi ya mwendo kwa ajili ya hilo.

fundi_barani
@langoni_gamer theluthi ya nani? Hao wa YouTube wanapima na prosesa kali sana, Ryzen 7 7800X3D na wenzake, makusudi ili kadi peke yake ndio ionekane. Huyu ndugu yetu ana i5-6500, kori nne na sredi nne, kwisha. Cyberpunk tangu ile apdeti ya 2.0 ya 2023 kima cha chini kabisa wanataka i7-6700, yeye hata hajafika. Atie kadi yoyote, akiingia mjini kwenye watu wengi itakwama kwama tu, wastani utasoma fremu 60 kwa sekunde alafu zile za chini zishuke mpaka macho yaone. Usiangalie wastani peke yake, angalia ile namba ya 1% low, yaani mwendo wa zile fremu za polepole kabisa.

Ukitaka kujua nani anakuchelewesha, shusha resolusheni hadi 720p. Fremu zikiongezeka, ni kadi. Zikibaki pale pale, ni prosesa.

bi_maweni
Ukenda kuiangalia nenda na flashi yenye GPU-Z (programu ya kusoma kadi ni gani hasa), kuna kadi feki zimebandikwa jina kubwa ndani ni kitu kingine. Na tizama skrubu na ile pleti ya nyuma, kadi iliyokaa karibu na bahari chumvi inaila, ukiona kutu ya kijani kwenye pini iache hapo hapo. Aiwashe mbele yako na gemu nzito, si desktopu tu.

mtoto_wa_shella
Shukran sana. Nimefungua, ni wati 240 kweli. Na skrini yangu ni 60Hz, sikusema mwanzo.

fundi_barani
60Hz, yaani inaonyesha fremu 60 tu kwa sekunde?? Basi FC na GTA V 3050 inakutosha kabisa, zinazozidi hapo skrini haikuonyeshi. RX 6600 chukua tu kama una mpango wa kubadilisha kompyuta nzima karibuni.

langoni_gamer
Hapo sawa. Lakini kwa 3050 ya 6GB asikulipishe karibu na bei ya RX 6600, mbane ashuke.

mtoto_wa_shella
Naenda baada ya alasiri, flashi ninayo.