Aliyefunua sufuria yangu leo saa saba mchana anajijua, na nyinyi nyote mnamjua

Bi Ghorofa ya Tatu, Majengo

Ndugu zangu, naandika nikiwa nimeketi sakafuni jikoni, kwa kuwa viti vyote vya nyumba hii vimelazwa chali vikawa tuktuk, na naandika kwa kidole gumba kimoja kwa kuwa mkono wa pili umeshikwa na mtu wa miezi 19 ambaye hataki kulala tena. Hataki kulala tena kwa sababu ameamshwa. Ameamshwa na nani, simtaji. Hana haja ya kutajwa. Hapa Mombasa, kuanzia Mji wa Kale mpaka Bamburi, hakuna asiyeijua hodi yake, ile inayopanda ngazi na kufika mlangoni kabla ya mwenyewe, na ambayo nina yakini kwamba huwafikia watu waliomo ndani ya feri ya Likoni wakageuka kutazama nani anawaita.

Siku yenyewe ilianza saa kumi na moja alfajiri. Mtoto alitaka uji. Ulipokuja uji akataka mkate. Lilipokuja boflo alilitumbukiza ndani ya uji kwa mikono yake mwenyewe, kisha akalia kwa uchungu wa mtu aliyefiwa kwa sababu boflo limerowa. Mfereji haujatoa hata tone tangu Jumatatu, kwa hivyo nilimngoja kijana wa mkokoteni, nikapandisha mitungi 4 hadi ghorofa ya tatu, mtoto akiwa mgongoni, na mtungi wa nne yeye mwenyewe aliuangusha sebuleni akakaa katikati ya ziwa lile akipiga makofi. Huu ni mwezi wa Machi. Kaskazi imekwisha na kusi haijaanza, na feni inachofanya ni kulizungusha joto lilelile lisikose kumfikia mtu yeyote. Saa sita na nusu, baada ya kumwimbia kila nilichokijua, pamoja na wimbo wa taifa beti zote tatu, alilala. Nilitoka chumbani kwa mwendo wa mwizi. Sufuria niliyoitia maji ya wali ilikuwa bado chini. Niliifunika polepole bila hata kuitazama, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa chumba. Kisha nikaketi. Nilikuwa sijaketi tangu alfajiri.

Nilikaa dakika nne.

Aliingia. Hakuniuliza hali, wala hakumwangalia mtoto aliyekuwa ameshaanza kulia. Alikwenda jikoni moja kwa moja, kama mtu aliyetumwa, akafunua sufuria. Wazee wetu walisema, funika kombe mwanaharamu apite. Mimi nilifunika, na hakupita. Aliinama, akafunua.

Ndani mlikuwa na rimoti, nusu ya boflo, na ndara moja ya mtoto, ya kushoto, vyote vikielea. Aliitoa ile ndara kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayemkagua tafi sokoni kujua kama amelala, maji yakimchuruzika mpaka ndani ya mkono wa buibui, akasema, "Unashinda nyumbani kutwa, unachoka na nini?"

Narudia kwa wanaosoma haraka haraka. Alifunua sufuria yangu, ndani ya nyumba yangu, akaishika ndara ya mwanangu kama ushahidi mahakamani, na akauliza nachoka na nini. Tangu aondoke nimeshapata majibu 46, kila moja lingemfanya ashuke ngazi kwa magoti. Lakini pale pale, mbele ya ndara inayodondoka maji, kilichonitoka kinywani ni, "Karibu chai." Akanywa vikombe viwili, akala kaimati nilizokuwa nimezificha kwa ajili yangu, na alipokuwa akivaa viatu akaniambia sukari ilikuwa ndogo.

Sihitaji ushauri. Nahitaji mkasirike pamoja nami.

Mama Pacha, Kisauni

Pole sana, dada yangu, na huyo namjua vizuri, maana Alhamisi alikuwa kwangu. Alipitisha kidole juu ya televisheni, akakitazama kidole kile kwa muda mrefu kuliko alivyowatazama watoto wawili waliokuwa wakimvuta kanga, kisha akakipangusa kwenye foronya niliyoifua asubuhi ile ile. Wewe una mmoja anayetia ndara kwenye sufuria. Mimi nina wawili, na mmoja hutia, na mwingine huwasha moto.

Fundi Changamwe

Kabla sijakasirika kama nilivyoombwa, naomba kufahamishwa jambo moja: ndara hiyo ilikuwa iungwe kwa nazi, au ilikuwa ya maji matupu? Nauliza kwa nia njema. Mtu aliyeitafuta mboga akaikuta rimoti nadhani ana haki ya swali moja, na mwenzetu alipewa moja tu.

Bi Ghorofa ya Tatu, Majengo

Kaka, hakuwa akitafuta mboga. Alikuwa akinitafuta mimi.

Mama Pacha, Kisauni

Mwache huyo. Fundi, wewe uliwahi lini kukaa na mtoto wako kuanzia alfajiri mpaka magharibi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa baba wiki 2 za likizo ya malipo mtoto anapozaliwa. Wa kwangu alizimaliza zote mbili barazani akipokea pongezi kama kwamba yeye ndiye aliyeshonwa.

Fundi Changamwe

Zile pongezi nazo zinachosha, bibiye. Watu hawaliangalii hilo.

Muuguzi wa Zamu

Mtakapomaliza kumpiga Fundi, niruhusuni nilitetee lile lililosahaulika, nalo ni usingizi. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwa ndani ya hesabu. Kwa hivyo aliyepiga hodi hakumchokoza mama peke yake, alimwibia mtoto. Na kwa kuwa ametimiza miezi 19, je, ile chanjo ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18, ameshaipata?

Bi Ghorofa ya Tatu, Majengo

Ameipata, ahsante. Siku ile pia huyu mtu alikuwepo, akamwambia muuguzi kwamba sindano ameichoma upande usiofaa. Kuhusu saa 14, mwanangu hana habari na mapendekezo hayo, na naomba mtu amjulishe kwa niaba yangu. Lakini hebu turudi kwenye ndara. Mnaelewa kwamba aliinua juu kwenye mwanga? Mwanga wa nini? Kulikuwa na nini cha kuthibitisha?

Mwanasheria Asiyeulizwa

Nitasema kwa ufupi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inapotaja mchango wa mwanandoa inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto waziwazi, hata kama hakuna shilingi iliyobadilisha mikono. Mbele ya sheria, basi, mwenzetu hakushinda nyumbani, alichangia. Ningependa neno hilo ndilo litumike katika uzi huu kuanzia sasa.

Bi Ghorofa ya Tatu, Majengo

Nitakichapisha kifungu hicho nikibandike juu ya kifuniko.

Mama Pacha, Kisauni

Kibandike kwa ndani. Huko ndiko anakotazama.

Shoga wa Mtaa wa Biashara

Kwa nini mwasumbuka na sheria ilhali kanga zipo? Njoo huku Mtaa wa Biashara, upekue doti hadi upate yenye maneno yanayomfaa, ujifunge siku atakayokuja, na usitie neno. Bibi zetu waligombana miaka na miaka kwa namna hiyo na hakuna aliyewahi kusikia sauti ikipandishwa.

Mama Pacha, Kisauni

Nilijaribu. Nilinunua yenye "Hasidi hana sababu", nikajifunga, nikampakulia chakula nikiwa nimempa mgongo ili asome vizuri. Alisoma, akasema imempendeza mno, akaniuliza kama nimebakisha kipande cha pili. Sasa anacho yeye, na huja kwangu amekivaa.

Mjukuu wa Kuze

Samahani, nina masahihisho mawili, na ninayatoa kwa heshima. Kwanza, marehemu bibi yangu hakusema kifuniko cha chungu, alisema mkungu, na ni aibu kwamba watu wa Mvita tumeliacha neno hilo likafa mikononi mwetu. Pili, mwandishi ameitaja methali ya kombe, ilhali alichokifunika ni sufuria. Kombe ni sahani kubwa ya kupakulia; sufuria ni chombo cha kupikia. Methali haina ahadi yoyote kuhusu sufuria. Angalifunika kombe, pengine yule mtu angalipita.

Bi Ghorofa ya Tatu, Majengo

Mtoto wangu ameamshwa, sufuria yangu imefunuliwa, kaimati zangu zimeliwa, na wewe unanipima methali.

Mjukuu wa Kuze

Nimesema kwa heshima.

Tudor Bila Maji

Wenzangu, mimi tangu mwanzo nimekwama kwenye ile mitungi 4, na sijui nyinyi mmewezaje kuipita. Huyo kijana wa mkokoteni anapatikana? Sisi huku tumeuziwa maji ya kisima wiki nzima, yenye chumvi ambayo sabuni inakataa kutoa povu, na nepi za kitambaa nikizianua kambani zinakuwa ngumu kama papa mkavu. Mtoto hazivai, anaingizwa ndani yake. Maji ya mfereji yanatoka chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, yanasafiri zaidi ya kilomita 200 yakipita nyika na ndovu, na yakishafika Tudor yanashindwa kupanda ngazi mbili. Mkitaka kunikasirisha nikasirisheni kwa hilo. Mimi mtu akifunua sufuria yangu akakuta maji ndani, hata kama yana ndara, nitampa hongera.

Muuguzi wa Zamu

Kwa nepi za namna hiyo jaribu kuweka akiba ya maji yasiyo na chumvi mtungi mmoja kwa ajili ya suuza ya mwisho peke yake. Chumvi inayobaki kwenye kitambaa ndiyo inayomkwaruza mtoto.

Tudor Bila Maji

Akiba hiyo ndiyo tunayoogea sote.

Mama Pacha, Kisauni

Maji ni dhiki, nakubali, lakini maji hayapigi kelele. Mimi juu yangu pana mtu ambaye kila siku, saa ile ile pacha wanapofumba macho, huanza kutwanga. Sijui anatwanga nini. Kisamvu cha kulisha Pwani nzima kingekuwa kimeshakwisha. Dari inatikisika, chokaa inatuangukia usoni, na mchi ule una mpangilio: mara tatu polepole, mara mbili haraka, kisha ananyamaza kiasi cha kunipa tumaini.

Kinu na Mchi

Mara tatu polepole na mara mbili haraka ni mimi. Sikujua kwamba wewe ndiye uko chini, shoga, na naomba radhi. Hapatwangwi kitu. Kinu ni kitupu. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajakubali kulala kwa wimbo wala kwa mbeleko, ila kwa sauti ya kinu, kwa sababu alipokuwa mchanga nilikaa kwa mama yangu Kongowea na huko kulikuwa kukitwangwa. Nikiacha kabla hajazama usingizini, huamka. Pale ninaponyamaza nakuwa namchungulia.

Mama Pacha, Kisauni

Kwa hivyo wangu huamka ili wako alale.

Kinu na Mchi

Ndivyo ilivyo. Naweza kuhamia upande wa jikoni.

Fundi Changamwe

Tandika gunia chini ya kinu, bibiye, likunjwe mara nne. Sauti ya juu itabaki kwa mtoto, na ya chini itamezwa. Nasema hili kama fundi, na natumaini sasa nimesamehewa lile la nazi.

Mama Pacha, Kisauni

Lile la nazi tutalijadili gunia likishafanya kazi.

Bi Ghorofa ya Tatu, Majengo

Nafurahi kwamba mmepatana. Naomba niukumbushe umma kwamba uzi huu ni wa sufuria. Alifunua. Kwa vidole viwili. Na jambo ambalo nimeligundua sasa hivi, baada ya kumlaza mtoto kwa mara ya pili, ni kwamba alipokuwa akiondoka aliirudisha ile ndara ndani, akafunika. Aliifunika, jamani. Aliona mahali pake ni pale.

Mjukuu wa Kuze

Kwa mkungu.

Tudor Bila Maji

Bado sijajibiwa kuhusu kijana wa mkokoteni. Je, huvuka akafika Tudor, na mtungi wa lita 20 anauza vipi?

Kinu na Mchi

Na mimi nahitaji mitungi 2, ikiwa anafika Kisauni.

Bi Ghorofa ya Tatu, Majengo

Kisauni hafiki. Tudor huenda, akiwa na oda ya kuanzia mitungi 6, na bei mtapatana naye, kwa kuwa hupandisha kulingana na ngazi. Nitakutumia nambari yake kwa faragha. Ila mwambie akifika asipige hodi, apige simu.

Tudor Bila Maji

Ahsante sana, lakini simu yangu imezikwa ndani ya mchele tangu jana, mtoto aliitia kwenye karai. Hii ninayoandikia ni ya mume wangu, naye atarudi saa moja.