Filamu ya Captain Alex: VJ anyamaze au aendelee?

Mleta mada
Wakuu, leo tulimalize hili. Kila ikitajwa Who Killed Captain Alex?, ile filamu ya Uganda ya 2010, ugomvi ni uleule: huyu anasema ni kioja, yule anasema ni sinema kamili. Mimi niko na wa pili, tena naongeza: mhusika bora humo ndani haonekani hata sekunde moja. Ni VJ Emmie (VJ ni "video joker", msimuliaji wa filamu), yule anayebwabwaja juu ya picha mwanzo mwisho.

Kwa ambaye hajaiona: Nabwana Isaac, aliyewahi kufyatua matofali, aliipiga na vijana wa mtaani kwake Wakaliga, Kampala, kwa fedha zinazotajwa kuwa hazikufika dola 200. Makomandoo wa Captain Alex wanamkamata ndugu wa Richard, kinara wa genge la Tiger Mafia. Richard anaapa kulipiza kisasi. Watu wake wanapomfikia Alex hemani, wanakuta keshakufa! Hapo ndipo anapotokea Bruce U, ndugu wa marehemu na bingwa wa kung fu, kumsaka muuaji.

Sasa mtazame Richard anavyofoka. Bila Emmie ni mtu anapiga kelele tu. Emmie akishamtania na kutuonya kuwa kasheshe linakuja, unaanza kumngoja Richard arudi.

Fundi Kamera
Mkuu, umejijibu mwenyewe. Mhusika akihitaji mtu wa pembeni ili anoge, basi hakuandikwa vizuri. Kifo cha Alex ndicho kilichobeba jina la filamu, na mimi sikuachiwa nafasi ya kuhuzunika hata kidogo, Emmie keshadakia. Halafu hiyo hadithi ya dola 200 imegeuka bidhaa. Wengi huko nje wanasambaziana ile helikopta ya kompyuta ikiilipua Kampala ili wacheke umaskini. Jina la Bruce U hata hawalijui.

Mzee wa Kanda
Vijana, inaonekana hamkukaa kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video. Sisi Bongo tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na Uganda VJ ni kazi ya mtu kabisa. Picha ya Kichina inaingia, lugha hamna anayeijua, jamaa anashika maiki, anawapa wahusika majina ya mtaani na kuchomeka vichekesho vyake. Watu walikuwa wanauliza kwanza nani katafsiri, ndipo walipe kiingilio. Kwa hiyo Emmie hakubandikwa kwenye filamu kutoka mbali. Amefanya kilekile ambacho mtazamaji wa Kampala alikizoea. Tofauti ni kwamba safari hii anaongea Kiingereza, na filamu anayoitania ni ya nyumbani.

Fundi Kamera
Shikamoo mzee. Lakini Lufufu alitafsiri kwa sababu lugha hatukuielewa. Emmie anatafsiri nini pale watu wanapopigana?

Mleta mada
Hatafsiri, anashangilia. Na wa kushangiliwa wapo! Bunduki zile alizichonga Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Damu ilikuwa ya ng'ombe mpaka mwigizaji akaugua, wakahamia rangi ya chakula iliyojazwa kwenye kondomu, inapasuka kifuani mtu akidondoka. Tazama mtu anavyokufa kwenye zile piga nikupige: anajirusha, anabiringika, anakufa kwa moyo wote. Hakuna anayeigiza kwa kulegea. Ndiyo maana nakataa hoja ya kuchekwa. Anayecheka kwa dharau huzima baada ya dakika tano, kwa kuwa kibaya tupu kinachosha upesi. Mimi naijua kila ngumi na bado narudia.

Jirani wa Kampala
Mnabishania sauti kana kwamba kuna nakala nyingine kabatini. Hakuna. Nabwana aliifuta ya awali kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Iliyowekwa YouTube 2015 ndiyo iliyobaki, na ina Emmie ndani yake. Hapo Wakaliga filamu ilikuwa kitu cha kuuza mkononi, waigizaji wenyewe wakizungusha DVD nyumba kwa nyumba. Ikishauzika, mnaanza nyingine. Nani angeweka kumbukumbu?

Mimi hata Emmie hanisumbui. Kinachoniuma ni mwisho. Filamu inauliza nani kamuua Alex, inaisha bila kutuambia. Hiyo si sanaa, ni kumtapeli aliyenunua DVD!

Mzee wa Kanda
Hapo mimi nawapigia makofi. Mafia walikwenda kumteka wakakuta maiti, kwa hiyo hata Richard, mbaya wetu, siye. Wenye fedha wangeongeza dakika kumi za maelezo.

Fundi Kamera
Sawa, iliyofutwa imefutwa. Pendekezo langu ni kwa zijazo: watoe sauti mbili, yenye VJ na isiyo na VJ, kila mtu achague. Mkikataa, nitajua mnaogopa wahusika wenu hawatasimama peke yao.

Mleta mada
Watoe, sina neno. Ila wewe ndiye utakayeanza na ile isiyo na VJ, na ukifika nusu saa uje hapa utuambie jina la mhusika mmoja unayemkumbuka.