Majirani wa Gorofa ya Kijani, Huruma

JUMATATU

19:48 Shosho wa Namba 3: Majirani, salamu. Nani amemwona Mama Neema tangu Ijumaa? Leo alfajiri nimempata Neema kwa mfereji anakokota mtungi wa lita 20, na Baraka amefungwa mgongoni kwa leso. Nikamuuliza mama yuko wapi, akasema ameenda kazi. Kazi gani hiyo ya siku tatu?

19:51 Baba Kevo Keateka: Shosho, Mama Neema amelazwa. Ijumaa usiku tumbo lilimshika vibaya, mimi ndiye niliyemwitia bodaboda. Aliniambia dadake yuko njiani kuja kukaa na watoto. Nikadhani alifika.

19:52 Mama Hafsa: Hakuna dada aliyefika. Mlango wao unatazamana na wangu.

19:53 Mama Hafsa: Subhanallah. Siku tatu watoto wako peke yao na mimi niko hapa hapa. Nilikuwa nasikia redio, nikadhani mama yupo.

19:55 Otis wa Duka: Neema amekuwa akija kununua unga wa kadogo na mafuta ya kupimiwa. Jana akaniomba maziwa niandike kwa daftari la mamake. Nikaandika. Sikumuuliza kitu, na nilipaswa kuuliza.

19:57 Mwalimu Karimi: Neema ni wa Gredi ya 4 shuleni kwetu. Leo hakufika. Ijumaa alifika lakini alisinzia darasani tangu asubuhi. Mama Mueni, mhudumu wetu wa afya ya jamii, uko wapi?

20:01 Mama Mueni: Niko njiani kwenda kwao. Ngojeni.

20:09 Baba Shiru: [picha]
Majirani hii nilipiga asubuhi pale mferejini. Inauma sana. Nimeituma pia kwa kikundi cha kanisa watuchangie.

20:10 Mwalimu Karimi: Baba Shiru, najua nia yako ni njema, lakini ifute tafadhali. Hapa na huko kanisani pia. Uso wake unaonekana, na wiki ijayo atarudi darasani na watoto ambao wazazi wao wako kwa vikundi hivyo hivyo. Mtoto ana haki ya siri yake, na anaweza kusaidiwa bila kuonyeshwa.

20:13 Baba Shiru: Nimefuta kote. Nimewaomba na wao wafute. Nisameheni.

20:41 Mama Mueni: Nimetoka kwao sasa hivi. Ujumbe utakuwa mrefu, mnivumilie.

Nimempata Neema anaosha chupa ya Baraka. Amechemsha maji kwa sufuria ndogo, anamimina kwa chupa, anatikisa, anamwaga, anarudia. Mara tatu, anahesabu kwa sauti. Nikamuuliza nani alikufunza, akaniambia, "Ni wewe, siku ulikuja kufunza mama." Alikuwa amesimama juu ya debe ndio afikie meza. Nyumba ni safi kuliko yangu. Kisha akaniuliza, "Umekuja kutuchukua?" Sikuwa nimetamka lolote la kuchukua mtu.

Huyo msichana ana miaka 10. Kilichomfanya adanganye Shosho kuhusu kazi ni kwamba ameambiwa na watoto wenzake kuwa serikali ikijua, watatenganishwa na Baraka.

Baraka ana miezi 17. Nimempima mkono kwa ule utepe wetu wa lishe, umesoma sentimita 12.1. Hiyo ni manjano, utapiamlo wa kiasi. Ikishuka chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, na mtoto aliye sawa anaanzia 12.5. Hana homa, hana kuhara, anacheka. Lakini mkono haukondi namna hiyo kwa siku tatu. Hili lilianza zamani, wakati mama yao alianza kukosa vibarua vya kufua kwa sababu ya hilo tumbo, na hakumwambia mtu.

20:44 Shosho wa Namba 3: Woi. Huyo mtoto wa miaka kumi.

20:46 Baba Tito: Poleni wote. Lakini tuongee ukweli, kila mtu kwa hii ploti ana mzigo wake. Si kuna makao ya watoto huku Eastlands? Wapelekwe huko mpaka mama apone. Watakula vizuri, watalala vizuri, na sisi hatutaingia kwa shida za kisheria mtoto akiumia mikononi mwetu.

20:52 Mama Mueni: Baba Tito, hofu yako ya sheria ina msingi na nitaijibu. Lakini makao si mahali pa kuanzia. Kwanza, hakuna makao yanayoruhusiwa kumpokea mtoto tu kwa sababu jirani amemleta, lazima afisa wa watoto ahusike. Pili, serikali yenyewe ilisimamisha kusajili makao mapya tangu 2017, na kuna mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwa familia na jamii. Makao ni ya mwisho, pale ambapo hakuna jamaa wala mtu salama. Neema ana mama, ana mama mdogo, na ana sisi wote tunaosoma hapa.

20:54 Mama Mueni: Mtoto akitolewa kwa ndugu yake na kwa kitanda alichozoea, hata kwa nia njema, anabeba kitu ambacho mimi sina utepe wa kukipima. Nimeona watoto waliorudi. Wanaanza kukojoa kitandani wakiwa wakubwa.

20:55 Baba Tito: Sawa, nimekuelewa. Sasa hiyo sheria?

20:58 Mama Mueni: Tunaripoti. Usiku huu huu. 116, simu ya watoto, haina malipo, inashikwa usiku na mchana hata kama simu haina salio. Wengi hapa wanadhani ni namba ya kushtaki mtu. Hata hatumshtaki Mama Neema, hakufanya kosa lolote, aliugua. Tunataka iandikwe mahali kwamba watoto wako hapa, nani anawaangalia, na kesho afisa wa watoto wa kaunti ndogo ajue. Hapo hata mtoto akianguka ngazi, kuna rekodi kwamba hatukuwaficha.

21:20 Mama Mueni: Nimepiga. Dada aliyeshika aliuliza umri wa watoto, kama wako salama usiku huu, nani analala nao. Ametoa namba ya kesi.

21:22 Mama Hafsa: Wanalala kwangu, na Hafsa. Nimeshatandika. Neema alikataa kuja mpaka nilipomwambia abebe mwenyewe chupa za Baraka. Sasa hivi anakula wali na maharagwe, sahani ya pili.

21:25 Shosho wa Namba 3: Ile pesa yangu ya wazee ikiingia, 500 ni ya uji wa Baraka. Msibishane nami.

21:26 Otis wa Duka: Shosho, hiyo 2,000 ya mwezi unainunulia dawa ya presha. Iache. Daftari la Mama Neema nimelifunga, na maziwa ya Baraka yatatoka dukani kila siku wiki hii.

JUMANNE

06:15 Mwalimu Karimi: Nimeondoka na Neema na Hafsa. Pesa ya chakula cha mchana nimemwekea kwa ile bangili yake ya kulipia, Dishi na Kaunti, ule mpango wa kaunti wa chakula cha shule, ni shilingi 5 tu kwa sahani, kwa hivyo nimeweka ya muhula wote. Wazazi wenye watoto shule za umma, angalieni bangili za watoto wenu. Kuna wanaoona haya kusema imeisha.

11:40 Mama Mueni: Niko kwa ofisi ya watoto tangu saa mbili. Nilibeba kitabu cha kliniki cha Baraka, cheti cha kuzaliwa cha Neema na barua ya chifu. Foleni ni ndefu. Mbele yangu kulikuwa na nyanya analea wajukuu wanne na anaandikisha tu kwamba yuko nao, kwa sababu shule inamdai karatasi.

11:43 Mama Mueni: Afisa ametusikiliza vizuri. Anataka watoto wakae na jamaa, ndivyo Sheria ya Watoto ya 2022 inavyoupa nafasi ulezi wa jamaa. Kwa siku hizi mbili tatu, watabaki kwa Mama Hafsa, na leo alasiri atakuja mwenyewe kuangalia nyumba na kuongea na Neema pekee yake. Mama Hafsa usihangaike kupaka rangi, anaangalia mahali pa kulala na usalama.

11:45 Mama Hafsa: Aje tu. Kwetu dini inalijua hili pia, kumlea mtoto bila kumwondolea jina la babake. Ustadhi alituambia hata kafala sasa iko ndani ya hiyo sheria ya watoto.

11:47 Mama Mueni: Ndiyo, iko. Hii yetu ni ya muda tu, lakini umesema kweli.

12:05 Baba Tito: Na baba ya hao watoto? Huyo si anafanya kazi mjengo upande wa Ruiru? Yeye haandikwi mahali?

12:11 Mama Mueni: Anaandikwa. Nilimtaja, na afisa atampigia na kumwita. Sheria haiulizi tena kama walifunga ndoa, wajibu ni wa wote wawili sawa. Wanaweza kuandikiana makubaliano hapo ofisini kuhusu chakula, karo na matibabu, bila kufika mahakamani. Akikaidi, hapo ndipo mahakama ya watoto inaingia. Baba Tito, wewe unamjua. Mpigie kama rafiki kabla ya kuitwa.

12:12 Baba Tito: Nitampigia jioni.

17:30 Shosho wa Namba 3: Afisa amekuja na ameenda. Mama wa heshima. Alikaa na Neema kwenye ngazi karibu nusu saa. Mtoto amerudi akitabasamu.

17:34 Mama Hafsa: Neema ananiambia, "Amesema hatutenganishwi." Amelisema mara nne tangu saa kumi na moja.

JUMATANO

13:02 Mama Mueni: Kliniki tumeenda. Baraka ameandikishwa kwa lishe, tunarudi baada ya wiki mbili apimwe uzito. Wakati huo huo yai moja kila siku, uji usiwe maji tupu, tia karanga za kusaga au maziwa. Kwa kitabu chake nimeona chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, ni mwezi ujao. Nimeizungushia kalamu.

13:05 Mama Mueni: Jambo lingine. Baraka hana cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya hospitali iko, imekunjwa ndani ya kitabu tangu azaliwe. Miezi sita ilishapita kwa hivyo ni usajili wa kuchelewa, unawezekana ila una karatasi nyingi zaidi. Wenye watoto wachanga humu ndani, Mama Shiru wewe wa kwanza, msingoje. Sichoki kuwaambia.

13:20 Mama Shiru: Nimesikia Mama Mueni. Ijumaa naenda.

18:47 Baba Tito: Nimeongea na yule baba. Mwanzo alikuwa mkali, akadhani nimetumwa. Nikamwambia kuhusu ile chupa, vile Neema anahesabu mara tatu. Akanyamaza sana. Ametuma 3,000 na ya kutoa, nimempelekea Mama Hafsa. Amesema Ijumaa ataenda kwa afisa.

18:49 Mama Hafsa: Zimefika. Nimeandika kwa daftari la shule la Hafsa ukurasa wa nyuma, kila kitu, hata viazi.

ALHAMISI

10:16 Baba Kevo Keateka: Nimetoka hospitali kumwona Mama Neema. Operesheni ilikuwa jana, anaongea. Alilia alipojua watoto walikaa peke yao. Kumbe dadake Kitui alikuwa amepoteza simu na hakupata ujumbe wowote. Nauli ya dada nimetuma kupitia jirani yao, anapanda gari usiku.

10:19 Baba Kevo Keateka: Kuhusu bili, SHA yake, ile bima ya afya ya serikali, haikuwa imelipwa. Wamemwelekeza kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, wataangalia hali yake kabla ya kutoka. Nitarudi Jumatatu na barua ya chifu. Kodi ya mwezi huu nimeongea na mwenye ploti, amekubali angoje.

10:24 Shosho wa Namba 3: Mungu akubariki, Baba Kevo. Mwambie asilie. Mwambie mtoto wake anajua kuosha chupa kuliko mamake mkwe.

IJUMAA

15:10 Mama Hafsa: Mama mdogo wao amefika, na gunia la mahindi na kuku wawili wazima. Afisa amejulishwa. Watoto wamerudi kwao kulala, lakini mlango wangu uko wazi na Neema anajua.

18:22 Mama Mueni: Nimepita jioni hii. Aliyekuwa anaosha chupa ni mama mdogo. Neema alikuwa kwenye korido anacheza mchezo wa kati na Hafsa na wale wa gorofa ya tatu, ametoa viatu, anapiga kelele. Sikumbuki kumsikia akipiga kelele tangu wahamie hapa.

18:25 Mwalimu Karimi: Asikose Jumatatu, tuna majaribio ya Hisabati.

18:31 Otis wa Duka: Maziwa ya kesho nimeyaweka kando. Nani anapanda juu?

18:31 Baba Tito: Mimi.